Mizani ya Gongoni

Kazi yangu ni kupima malori.
Linaingia tupu, naandika. Linatoka na chumvi, naandika.
Toa hiki kwa kile, piga mhuri, haya nenda.
Vumbi jeupe hubaki kwenye kope zangu
hata mama akaniuliza Ijumaa moja
kama siku hizi mvi zinaanzia machoni.

Hapa hakuna asiyelishwa na chumvi.
Imeezeka duka la Bi Nyevu kwa bati la buluu,
imenunua pikipiki tatu za Mwaringa, mbili imeziozesha,
imechubua nyayo za wanawake wa zamu ya alfajiri
wanaoingia majarubani na gambuti zilizotoboka;
wakitoka hawatembei,
wanachagua pa kukanyaga.

Na nyuma ya jaruba la kumi na tisa,
pale mikoko iliponyolewa kama kichwa cha mfiwa,
kuna nguzo ya kaburi, tumbawe na chokaa,
yenye vishimo vya mviringo vilivyoshika bakuli za kauri.
Kauri zimekwenda, na nani hatujui.
Vishimo vinakodoa.

Mwezi wa Machi Ngowa alikuwa akichimba jaruba jipya,
tingatinga likagonga kitu kisicholia kama mwamba.
Akazima injini. Akashuka.
Ukuta; na ukutani zidaka tatu,
na ndani ya kimoja kaa,
amekaa kama mwenye nyumba.

Msimamizi alisimamisha kazi saa tatu na nusu.
Akaja kijana wa makumbusho kutoka Malindi
na futi ya kupimia na chupa ya maji vuguvugu,
akaandika namba kwa rangi nyekundu juu ya jiwe,
akasema atarudi na wenzake.
Jumatatu pampu zikawashwa.
Maji yakauzunguka ukuta, hayakuuliza.

Kibandani kwa chai walibishana.
Shebwana, fundi wa pampu, alisema hao ni babu zake,
nasaba anayo nyumbani, imeandikwa kwa wino wa masizi.
Ngowa akamuuliza: na waliobeba mawe
wameandikwa ukurasa wa ngapi?
Mmoja akasema Wareno. Mwingine, majini.
Bi Nyevu akamimina chai:
"Wana kisima. Basi walikuwa wakisikia kiu.
Nani hajalipa ya jana?"

Mtu mzima, twasema, amekula chumvi nyingi.
Nimeyatamka maneno hayo tangu utotoni bila kuyaonja.
Sasa naitazama nguzo kutoka dirishani kwangu
inavyomenyeka kila kiangazi, ganda kwa ganda,
unga wake ukianguka kwenye maji ya rangi ya waridi,
na maji yale tunayakausha, tunayakokota, tunayatia guniani.
Huenda kuna mchuzi huko Kitale
wenye chembe ya kaburi.
Mzee huyu hakula chumvi.
Ameliwa.

Na sisi je? Pampu ya kwanza, ya enzi za baba,
imelala nyuma ya ghala, kutu imeifanya jani kavu.
Atakuja kijana mwingine na futi nyingine,
atafukua gambuti, ya kushoto tu,
akune kichwa: watu gani hawa
walioishi kwa mguu mmoja?

Jana, lori la mwisho lilipokwisha kutoka,
nilitoa kwenye droo kigae alichoniokotea Ngowa,
kijani kama embe bichi, nusu ya samaki mgongoni,
nikakiweka katikati ya mizani ya tani sitini.
Nikarudi ofisini mbio kama mtoto.
Kioo kikasema: sifuri.
Nikapanda mwenyewe, kigae mkononi,
bawabu Lali akasoma: "Sitini."
Nikakiweka chini, nje ya chuma.
"Sitini ile ile. Mizani hii haioni chini ya kilo ishirini,
wewe si ndiwe karani?"

Nikakaa, nikajaza risiti.
Gari: hakuna. Mzigo: nusu ya samaki.
Uzito: sifuri.
Nikapiga mhuri,
kisha nikabaki na kalamu hewani,
pale panapotakiwa sahihi ya dereva.